Bundi wa San Francisco: kisa cha dola 50 za dhahabu zilizododa mwaka 1915

Mwaka 1916 sarafu 1,872 za dhahabu zilirudishwa tanuruni zikayeyushwa. Hazikuwa za bandia wala hazikuwa na kasoro. Zilikosa wanunuzi, basi. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 83.59 na thamani ya dola 50, na zote zilikuwa zimetengenezwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Panama-Pacific, jijini San Francisco. Zilizonusurika ni zile zilizokuwa zimeshauzwa: 645 za pembe nane na 483 za duara.

Hizo 1,128 ndizo kilele cha ukusanyaji wa dhahabu ya zamani ya kumbukumbu ya Marekani, yaani sarafu za dhahabu zilizotolewa kuadhimisha tukio au mtu. Kundi zima lina aina 13, zilizotolewa kati ya 1903 na 1926: tisa za dola 1, mbili za dola 2.50, na hizi mbili za dola 50. Wakusanyaji wengi hufika 11 wakasimama hapo, na wamekubaliana wao kwa wao kuliita kundi hilo la 11 kamili, maana mbili za mwisho zinagharimu kuliko nyingine zote kwa pamoja. Ikipigwa mnada leo, moja tu hufika makumi ya maelfu ya dola.

Kuna jambo ndani ya kisa hiki ambalo mkusanyaji mpya hulipita haraka, nami naona ndilo linalostahili kukaliwa. Sheria ilizipa aina hizi mbili nafasi sawa: 1,500 za pembe nane, 1,500 za duara. Dhahabu ni ileile, mchongaji yuleyule, bei ileile, siku za kuuzwa zilezile. Kama leo moja ni adimu kuliko nyingine, uadimu huo haukutoka bungeni wala kiwandani. Umetoka kwa watu waliosimama mbele ya meza ya mauzo wakachagua, na zaidi kwa wale waliotazama wakaenda zao.

Jiji lililotaka kuonekana limefufuka

Tetemeko la Aprili 18, 1906, na moto uliolifuata, viliiacha San Francisco ikiwa majivu. Miongoni mwa majengo machache ya katikati ya jiji yaliyobaki wima ni kiwanda cha sarafu cha serikali, jengo la mawe lililofunguliwa mwaka 1874, ambalo wafanyakazi wake walipigana na moto kutoka ndani mpaka wakaliokoa. Miaka tisa baadaye jiji hilohilo likawaita watu wa dunia nzima. Sababu iliyotajwa rasmi ilikuwa kufunguliwa kwa Mfereji wa Panama, Agosti 15, 1914. Sababu iliyokuwa moyoni mwa wenyeji ilikuwa kuonyesha kwamba hawakufa. Maonyesho yalifunguliwa Februari 20, 1915 na kufungwa Desemba 4 mwaka huohuo, na waliopita malangoni walihesabiwa kwa mamilioni.

Sheria ya kutengeneza sarafu ilipitishwa Januari 16, 1915. Iliruhusu nusu dola za fedha, dola 1 za dhahabu 25,000, dola 2.50 za dhahabu 10,000, na dola 50 zisizozidi 3,000. Tazama tarehe hizo mbili: sheria ilitoka mwezi mmoja na siku chache tu kabla ya mageti kufunguliwa. Michoro ilikuwa bado haijakubaliwa, mihuri ya kuchapia haijachongwa, na mashine yenye nguvu ya kuchapa sarafu kubwa kiasi kile haikuwepo San Francisco. Ilibidi ile ya kuchapia nishani, yenye mgandamizo wa tani 450, isafirishwe kutoka Philadelphia, upande wa pili wa nchi. Sarafu ya kwanza ya pembe nane ikachapwa kwa sherehe Juni 15. Kwa hiyo miezi karibu minne ya mwanzo, miezi ambayo wageni wana hamu na mifuko bado mizito, ilipita bila bidhaa kubwa kuwa mezani. Katika masimulizi ya kushindwa kwa mauzo haya bei ndiyo hulaumiwa kwanza, na ni haki. Lakini mimi huanza na kuchelewa huku.

Mchongaji alikuwa Robert Aitken, mzaliwa wa San Francisco aliyekuwa akiishi New York. Upande mmoja aliweka Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Warumi, amevaa kofia ya vita iliyosukumwa nyuma kama mtu aliyemaliza mapigano, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi kwenye ngao yake: MCMXV. Upande wa pili kakaa bundi juu ya tawi la msonobari wenye koni. Kwetu bundi akilia paani watu huanza kuulizana nani mgonjwa. Kwa Wagiriki na Warumi wa kale alikuwa ndege wa hekima, na Aitken alimchonga kwa heshima kubwa, macho yake yamekutazama moja kwa moja.

Umbo la pembe nane halikubuniwa kwa pambo tu. Mwaka 1851 na 1852, wakati wa ile mbio ya dhahabu ya California, mpimaji wa serikali Augustus Humbert alitoa vipande vya dola 50 vyenye pembe nane, na watu wa huko walivikumbuka kama fedha halisi ya waanzilishi. Kuirudisha pembe nane mwaka 1915 ilikuwa kuwaita mababu kwenye sherehe. Katika kila pembe Aitken akaongeza pomboo mmoja, wanane upande huu na wanane upande ule, ishara ya njia ya maji isiyokatika tena kati ya bahari mbili. Ili wapate nafasi, Minerva na bundi wakapunguzwa kidogo. Ile ya duara haina pomboo, na picha zake za katikati ni kubwa zaidi.

Muuzaji aliyekuja na historia yake

Mauzo alikabidhiwa Farran Zerbe. Huyu alizaliwa Pennsylvania mwaka 1871, akawa mkusanyaji, mfanyabiashara wa sarafu, na kwa muda rais wa chama kikuu cha wakusanyaji wa sarafu Marekani. Alikuwa akizunguka nchi na mkusanyiko wake wa fedha za dunia, watu wakimiminika kutazama. Wengi walianza kupenda sarafu kwa sababu yake, na sitaki hilo lisahaulike katika haya yanayofuata.

Kwa maana hii haikuwa mara yake ya kwanza. Juni 28, 1902, Bunge la Marekani liliruhusu sarafu 250,000 za dola 1 za dhahabu kwa maonyesho ya St. Louis, yaliyoadhimisha miaka 100 tangu Marekani kuinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15. Nusu zilibeba sura ya Thomas Jefferson, rais aliyenunua. Nusu zilibeba sura ya Rais William McKinley, aliyepigwa risasi Septemba 1901 akiwa kwenye maonyesho mengine, huko Buffalo. Hizi ndizo zilizokuwa dhahabu ya kwanza ya kumbukumbu ya nchi hiyo. Zerbe akaziuza dola 3 kila moja.

Sarafu ya dola 1 kwa dola 3! Maonyesho yenyewe yakachelewa mwaka mzima, yakafunguliwa Aprili 30, 1904, huku sarafu zikiwa na tarehe ya 1903. Zikatiwa kwenye vijiko, kwenye bruchi, kwenye pini za tai, ilimradi zitoke. Zilitoka kama 35,000. Zilizobaki, zaidi ya 215,000, ziliyeyushwa. Na walionunua kwa dola 3 waliiona bei sokoni ikishuka mpaka karibu dola 2.

Mwaka 1905 kulikuwa na maonyesho mengine Portland, ya kuwakumbuka wavumbuzi Lewis na Clark, na Zerbe akauza tena. Safari hii bei ilikuwa dola 2, lakini zilizonunuliwa kwa miaka yote miwili, 1904 na 1905, zilikuwa kama 20,000 tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Matokeo yake ni kwamba sarafu za Lewis na Clark, zikiwa katika hali nzuri, leo ni ghali kuliko zile za St. Louis, kwa sababu hiyohiyo kwamba zilipotoka watu walikuwa wameshachoka.

Kwa hiyo Zerbe alipofika San Francisco mwaka 1915, wakusanyaji wa zamani walikuwa wanamjua, wanaijua njia yake, na wanakumbuka zile dola 3.

Dola 100

Bei ya sarafu ya dola 50 iliwekwa dola 100. Kwa uwiano haikuwa mbaya kuliko nyingine: nusu dola iliuzwa dola 1, dola 1 ya dhahabu iliuzwa dola 2, na ile ya dola 2.50 iliuzwa dola 4. Lakini mtu halipi uwiano, hulipa fedha. Januari 1914 Henry Ford alikuwa ameushangaza ulimwengu wa viwanda kwa kutangaza ujira wa dola 5 kwa siku, na hata fundi wake huyo mwenye bahati angehitaji siku 20 za kazi, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, ili apate bundi mmoja. Kiingilio cha maonyesho kilikuwa senti 50. Kwa bei ya sarafu moja ungeingiza watu 200.

Dhahabu iliyokuwamo ilikuwa aunsi 2.41875, na kwa bei rasmi ya wakati ule, dola 20.67 kwa aunsi, hiyo ni dola 50 kamili. Zile 50 nyingine zilikuwa malipo ya sanaa, ya ukumbusho, na ya matumaini kwamba siku moja kutakuwa na mtu atakayeitaka zaidi yako. Matumaini hayo St. Louis ilikuwa imeshayajeruhi.

Zerbe alijitahidi. Seti ya sarafu zote tano iliuzwa dola 200, maana yake ukinunua dola 50 mbili, zile ndogo tatu unapewa kama nyongeza. Kulikuwa na seti maradufu ya sarafu kumi, dola 400, zimepangwa kwenye fremu ya shaba ili pande zote mbili zionekane bila kugeuza. Hii ilifaa ukuta wa benki kuliko nyumba ya mkusanyaji. Maonyesho yalipofungwa Desemba, mauzo yaliendelea kwa posta hadi 1916.

Hesabu za mwisho zinaeleza mengi. Dola 1, iliyochongwa na Charles Keck ikiwa na sura ya kibarua wa mfereji mwenye kofia, ziliuzwa 15,000 kati ya 25,000. Dola 2.50, yenye mwanamke amempanda farasi wa baharini, ziliuzwa 6,749 kati ya 10,000. Pembe nane ziliuzwa 645 kati ya 1,500. Duara 483 kati ya 1,500. Ukizipanga hivyo unaliona pengo: zile ndogo za dhahabu ziliuzwa zaidi ya nusu, zile za dola 50 hazikufika hata nusu.

Kwa nini ya duara ilikataliwa zaidi

Jiweke mahali pa mnunuzi wa Agosti 1915. Una dola 100, siyo 200. Mezani kuna sarafu mbili, moja ya pembe nane, ambayo hujawahi kuona mfano wake, ina pomboo, na babu yako alikusimulia juu ya vile vipande vya 1851. Nyingine ni ya duara. Nzuri, kubwa, lakini ya duara kama sarafu nyingine zote ulizowahi kushika. Utachukua ipi?

Watu 162 zaidi walichukua ya pembe nane. Tofauti hiyo ndogo, 645 kwa 483, ndiyo yote. Hakuna aliyepanga duara iwe adimu, wala hakuna aliyejua. Na kwa kuwa zisizouzwa zilikwenda tanuruni, uamuzi wa watu wale ukawa wa kudumu. Kama zingehifadhiwa ghalani, zingetoka miaka 40 baadaye na tofauti ingefutika. Leo, kwa hali inayolingana, ya duara kwa kawaida huuzwa juu kidogo ya mwenzake, ingawa mpaka sasa mtu asiye mkusanyaji ukimwonyesha zote mbili atanyoosha kidole kwenye ya pembe nane, kama alivyofanya mwenzake wa 1915.

Ndiyo maana huwa nasisitiza kwamba idadi iliyochapwa, peke yake, ni nambari ya kupotosha. Mtu anayesoma kwamba zilichapwa 1,510 za duara na 1,509 za pembe nane (zile chache za ziada zilikuwa za kupimwa usafi wa dhahabu) ataondoka akiamini ni pacha. Vilevile kwa St. Louis: 250,000 ni nambari ya sheria, 35,000 ni nambari ya watu. Mwaka 1926 Philadelphia iliirudia hadithi kwa dola 2.50 za miaka 150 ya uhuru: zilichapwa zaidi ya 200,000, zikauzwa 46,019. Baada ya hapo dhahabu ya kumbukumbu haikutolewa tena Marekani mpaka Olimpiki ya 1984. Katika kundi zima ni sarafu za Rais Ulysses Grant za 1922 ambazo naona zilipimwa vizuri, zikitolewa kama 5,000 zenye nyota ndogo na 5,000 zisizo nayo. Ni chache, za dola 1, na ziliisha.

Walionunua walipata nini

Kwa muda mrefu, si kikubwa. Dhahabu ilipopandishwa mwaka 1934 kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi, dhahabu iliyokuwamo ndani ya bundi ilifika thamani ya dola 84 na senti 66. Yaani miaka 19 baadaye, hata kwa bei mpya, dhahabu yenyewe ilikuwa haijarudisha zile dola 100, na bei hiyo rasmi ikadumu hadi 1971. Aliyenunua kwa kufikiria uzito alikuwa kwenye hasara maisha yake yote. Kilichomwokoa ni mkusanyaji mwingine.

Na sheria nayo ilimwokoa. Aprili 5, 1933, Rais Franklin Roosevelt aliamuru wananchi wakabidhi dhahabu yao kwa serikali, na kwa miaka iliyofuata sarafu za kawaida za dhahabu ziliyeyushwa kwa wingi. Lakini amri ile iliachia nje sarafu adimu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji. Tanuru la 1916, lililowafanya hawa 1,128 wawe wachache, ndilo pia lililowapa haki ya kubaki majumbani 1933.

Ukikutana na mmoja wao leo, mtazame shavuni. Shavu la Minerva na kifua cha bundi ndivyo vilivyoinuka, na ndivyo vinavyosagika kwanza. Hapo rangi ikiwa tofauti na uwanja ulio pembeni, sarafu imeshasuguliwa, hata kama muuzaji anaapa haijatoka kwenye sanduku. Halafu ukingo: uzito wa gramu 83 ukianguka sakafuni huacha alama, na kwa ile ya pembe nane ncha za pembe ndizo huumia. Mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja ni kitambaa cha mtu aliyetaka kuing'arisha. Nimeona pauni za dhahabu za bibi zetu kwenye mikufu, zimelehemiwa kitanzi juu, na kwa mvaaji ni uzuri mtupu. Kwa sarafu ya ukusanyaji, kitanzi kile kikitolewa alama haifutiki, na dola nyingi za St. Louis ziliharibika hivyo kwa sababu ziliuzwa zikiwa tayari ni bruchi. Kwa sarafu ya bei hii mimi nisingenunua iliyo nje ya kasha la plastiki la PCGS au NGC, makampuni mawili yaliyoanza kupanga madaraja ya sarafu mwaka 1986 na 1987, na hata ikiwa ndani ya kasha ningetazama kwanza sarafu, ndipo nisome lebo.

Seti kamili zenye fremu zake za asili ni chache kuliko sarafu zenyewe. Kila warithi walipogawana, au benki ilipouza, fremu ilifunguliwa na sarafu zikatoka moja moja, kila moja ikaenda kwa mteja wake. Shaba ile yenye mashimo ya duara na ya pembe nane, bila kitu ndani, nayo siku hizi hupelekwa mnadani peke yake na hupata mnunuzi kwa maelfu ya dola.